Gauni Lisilopanda Ngazi

Kila siku ya Mungu, kabla hakujapambazuka sawasawa, pacha wangu hunigongea dirisha la chumbani kwa funguo zake. Ko-ko-ko. Halafu anaita, "Dada! Umeamka? Twende tukatembee!" Na mimi, kichwa kikiwa chini ya shuka, ninamjibu, "Nenda zako, kiherehere! Waache watu walale!" Anacheka. Nasikia raba zake zikiondoka, halafu sauti za wenzake wa matembezi zikimpokea barabarani: "Msichana huyo kaja! Haya, twendeni!"

Msichana! Mtu ana miaka sitini na moja. Najua kwa sababu na mimi ninayo hiyohiyo. Tulizaliwa siku moja, tumbo moja, mimi nikatangulia kidogo tu, ndiyo maana ananiita dada. Lakini ukituona leo tumesimama pamoja utaapa kwamba nilimtangulia kwa miaka ishirini.

Namwonea wivu, na sioni haya kusema. Wengine huuficha, wanauita uchovu, wanauita kichwa kinauma. Mimi wangu naujua kwa jina. Namwonea wivu kiuno chake, magoti yake, na jinsi anavyokaa chini sakafuni kisha akainuka bila kushika kitu, tena huku anaongea, kama vile sakafu imemsukuma. Mimi nikikaa chini, mpaka waje watu wawili waninyanyue.

Zamani hatukuwa hivi. Yeye alikuwa karani wa posta, anakaa kwenye kiti kutwa nzima, na mimi fundi cherehani, nakaa kwenye kiti kutwa nzima. Tulinenepa pamoja, tukachoka pamoja, tukawa tunapokezana dawa ya mgongo. Maisha yalikuwa na haki. Kisha akastaafu, na badala ya kupumzika kama watu, akaanza mambo yake. Akaanza kutembea alfajiri. Akaacha sukari kwenye chai, mwanzo kidogo kidogo, baadaye kabisa. Sahani yake ikajaa majani na maharage, nyama ikawa pembeni kama mgeni. Jua likizama anazima taa, ananiambia eti usingizi ndio fundi wa mwili. Fundi ni mimi! Na simu yake anailaza sebuleni, yeye chumbani. Nani analaza simu sebuleni?

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alifurahi. Mtu anayejinyima anatakiwa anune kidogo, wenzake tupate faraja. Yeye akapata marafiki wapya, wanacheka njia nzima, nikiwa kitandani nawasikia mpaka wanakata kona.

Siku moja aliniletea vifungo kazini. Mteja mgeni akaingia, mwanamke mmoja na kitambaa chake mkononi, akamtazama pacha wangu, akanitazama mimi nyuma ya cherehani, akamwuliza yeye kwa sauti ya chini ya heshima, "Samahani dada, mama bado anaona vizuri kushona?"

Mama! Nilimwambia mama anaona vizuri sana, anaona hata mlango aliouingilia, na anaweza kutokea huohuo. Kitambaa chake akakipeleka kwingine. Pacha wangu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Halafu akainuka bila kushika kitu.

Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho yeye hana, nacho ni binti yangu. Mungu hakumjalia mtoto, na mimi alinijalia mmoja. Baba yake alitutoka mtoto akiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo nilimlea mimi, kwa cherehani ileile niliyoachiwa na marehemu mama. Mama yetu alishona nguo ya mwisho jioni, akaifunika cherehani, akalala, asubuhi hakuamka. Alikuwa na umri wetu huu wa sasa. Hilo hatulizungumzi.

Basi binti akapata mchumba, siku ikapangwa, na jioni moja akaja kazini kwangu na mama yake mdogo, huyuhuyu pacha wangu. Nikajua wamekuja kwa habari ya nguo. Alitaka mimi na pacha wangu tuvae sare, gauni la rangi ya zambarau iliyokomaa, la kubana mpaka magotini kisha linafunguka chini, lenye mpasuo nyuma wa kumwezesha mtu kutembea.

"Sawa," nikasema. "Hiyo ni kazi ndogo."

"Halafu mama," akasema, akaanza kuzungusha kibweta cha pini mezani. "Ukumbi tuliopata uko ghorofani."

"Hata uwe juu ya paa."

"Hauna lifti."

"Kwani mwaka huu tunaolewa na lifti?"

Hakucheka. Pacha wangu alikuwa amegeuka, anatazama vifungo ukutani kama mtu anayetaka kununua vyote.

"Nimefikiria mama mdogo ndiye anishike mkono kupanda," binti akasema harakaharaka. "Kwa sababu ya ngazi. Wewe watakupandisha mapema, polepole, bila haraka. Ukae kabisa. Utusubiri juu."

Utusubiri juu. Nilikuwa na mkasi mkononi, nikauweka mezani taratibu, maana sikujiamini. Mimi niliyembeba tumboni, niliyembeba mgongoni, niliyembeba hata alipokuwa na miguu yake akikataa kuitumia! Leo nipelekwe juu mapema kama kiti cha kukodi, halafu nimwone anaingia mlangoni na mwanamke mwenye sura yangu, magoti mazuri kuliko yangu, na watu wote wakidhani huyo ndiye mama?

Nilisema, "Vizuri. Mmefikiri vizuri." Wakaniaga. Sikulala usiku ule kwa nyongo.

Asubuhi dirisha likagongwa, nikatukana kama kawaida, kwa nguvu zaidi. Kisha nikaamka. Nikakata shauri kwamba siku ya harusi ngazi zile nitazipanda mimi, mkono wa binti yangu ukiwa mkononi mwangu, na huyu Msichana wao atajua kwamba umama hausomewi, mtu anazaliwa nao.

Mahali pangu pa kazi ni chini ya jengo la ghorofa mbili. Juu kuna ofisi ya wakili, na juu zaidi kuna daktari wa meno. Miaka yote niliyoshona pale sikuwahi kufika kwa daktari wa meno. Wateja wake ndio huteremka kwangu wameshika mashavu. Mchana ule, watu walipokwenda kula, nikafunika cherehani nikaanza kupanda.

Toba! Kwenye kona ya kwanza moyo ulinipiga kama mtu anayegonga mlango kudai deni. Nikakaa palepale kwenye ngazi. Msaidizi wa daktari wa meno, binti mmoja mwenye koti jeupe, akachungulia.

"Bibi, jino linauma?"

"Haliumi," nikamwambia. "Yanayouma ni mengine."

Akaniletea maji. Kesho yake nikapanda tena, nikamkuta amesimama na glasi, ananisubiri hatua moja juu ya ile ya jana. Hatukuambiana sababu. Nilimpenda yule binti kwa kutouliza.

Nikaanza kuiba tabia za pacha wangu moja baada ya nyingine, na kila niliyoiba nilihakikisha haijui. Sukari niliipunguza, lakini akija namwekea kopo mezani ajue lipo. Mboga nilizila mezani kwangu peke yangu mlango umefungwa, kama mtu anayekula cha wizi. Tamthilia ya usiku niliiacha, nikawa nalala mapema huku taa ya nje nimeiwasha ili akipita adhani nakesha. Jioni nilitembea, lakini nyuma ya maduka, kwenye uchochoro wa mapipa, sehemu ambayo Msichana na wenzake hawawezi kufika. Kiti changu cha cherehani nacho nilikipa kisogo: kila nikimaliza upindo mmoja nasimama, nanyoosha mgongo, nazunguka meza.

Mwezi ukapita. Mwezi wa pili nikagundua sijaomba dawa ya mgongo siku nyingi. Nikafika kwa daktari wa meno bila kukaa, na yule binti wa koti jeupe akapiga makofi mpaka mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti akafungua mdomo bila kuambiwa. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kidogo, halafu nikakumbuka kwamba pacha wangu hayo ameyafanya miaka kadhaa mbele yangu, na furaha ikaniishia.

Ukafika wakati wa kushona sare. Zamani tulipokuwa na mwili mmoja sikuwahi kumpima. Nilijipima mwenyewe, nikakata mara mbili, basi. Safari hii ilibidi aje asimame mbele yangu. Nikamzungushia futi kiunoni, nikasoma namba, nikazungusha tena nikidhani futi imejikunja. Haikuwa imejikunja.

"Mbona unanibana?" akauliza.

"Nyamaza, fundi ni mimi."

"Dada, na wewe umepungua," akasema, ananitazama shingoni.

"Ni mawazo," nikamjibu. "Ya harusi."

Aliniamini, au ndivyo nilivyodhani. Nilingoja aseme tena habari ya ngazi, aseme, "Dada, kwa kweli nafasi ile ni yako." Hakusema. Na binti yangu kila alipokuja alikuwa na maua, kadi, wapambaji, ngazi hakuzitaja kabisa. Kwenda kumwomba sikwenda. Niombe nafasi yangu kwa mtoto niliyemzaa? Nimsimamie mbele nimwonyeshe navyopanda, kama mtu anayetafuta ajira? Sikuwa tayari kwa hilo.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa nami. Nilikuwa nimefika kwenye mpasuo wa gauni la pacha wangu. Mpasuo wangu niliuacha wazi kama kawaida. Wake nikaupiga pasi vizuri, nikauchora kwa uzi wa nje, ukaonekana mpasuo kabisa, mzuri kuliko hata wangu. Lakini kwa ndani niliufunga wote na bitana, mishono miwili, uzi mnene. Mtu akisimama anapendeza. Akipiga hatua ndogondogo kwenye sakafu tambarare anakwenda. Akijaribu kunyanyua mguu kupanda ngazi, anakuwa kama kuku aliyefungwa miguu.

Alipokuja kulijaribu nilimwambia asitembee, pini zitamchoma. Alijitazama kwenye kioo mbele na nyuma. Alipendeza, na hilo nalo liliniuma. Akalikunja akaondoka nalo, nikabaki nafagia vipande vya zambarau huku najiambia ni mzaha tu wa dada na mdogo wake.

Siku ikafika. Walipokuja kunichukua nipande juu mapema, nikasema kiatu kinanibana, watangulie. Wakarudi tena, nikasema nangoja upepo kidogo. Mlinzi wa mlangoni akaniletea kiti cha plastiki, sikukalia. Gari la bibi harusi likafika.

Binti yangu alishuka. Sitaeleza alivyopendeza, maana gauni lile pia nilishona mimi na mtu hajisifii. Nyuma yake akashuka pacha wangu, alianza kutoa miguu yote miwili kwa pamoja kama mtu anayeteremka kwenye pipa, akajinyoosha, akamshika binti yangu mkono. Wakatembea mpaka kwenye ngazi. Pacha wangu akanyanyua mguu.

Mguu haukwenda. Akajaribu wa pili, nao ukagoma. Akalivuta gauni kidogo juu, likakataa, lilikuwa limebana sawasawa mahali nilipotaka libane. Na kulipandisha mpaka mapajani mbele ya wakwe, hapana, yule ni mtu mzima. Akasimama akacheka kidogo.

Binti yangu akageuka. Macho yake yakanitafuta mimi moja kwa moja.

"Mama?"

"Nipe mkono," nikasema.

Tukapanda. Niliisikia kila ngazi mguuni, lakini niliisikia kama kazi niliyoizoea. Kwenye kona ni yeye aliyesimama, viatu virefu na gauni zito, kifua kinapanda na kushuka.

"Pumua mwanangu," nikamwambia. "Mimi nakusubiri."

Akaanza kulia. Nikamwambia asiniharibie kola. Tukamalizia, milango ikafunguliwa, watu wote wakasimama kwa makofi, na nikasikia mama mmoja wa upande wa wakwe akimwuliza mwenzake, "Yule ndiye mama yake?" na mwenzake akajibu, "Si unaona wanavyofanana." Wallahi niliitaka dunia isimame palepale.

Ilisimama kidogo tu. Nilipoketi mbele nikaona kiti cha kando yangu kiko kitupu, na utamu ukaanza kupungua. Nikavumilia hotuba ya kwanza. Ya pili sikuweza. Nikachukua mkoba wangu, fundi hatoki bila wembe na sindano, nikashuka.

Pacha wangu alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, anakunywa maji, anamchekesha mlinzi. Aliponiona akamwambia mlinzi atupishe kidogo. Nikamsimamisha. Nilipiga magoti nyuma yake, nikageuza upindo, nikaanza kufumua bitana.

"Mishono miwili," akasema. "Ulikuwa na hasira kweli."

Wembe ukasimama.

"Ulijua?"

"Dada, mimi na wewe tulifundishwa kushona na mama mmoja. Nililivaa nyumbani Jumanne, nikashindwa kuvuka kizingiti cha bafu. Nikaligeuza nje ndani, nikauona uzi wako."

"Na hukufumua?"

"Nifumue ya nini?" Akageuza shingo kunitazama. "Mimi siku hiyo nilikuwa naingoja."

Sikuelewa, na alijua sikuelewa, kwa hiyo aliendelea taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wateja wa posta.

"Yale maneno ya kukusubirisha juu, unadhani aliyatunga binti yako? Mtoto alilia. Nilimlazimisha mimi. Nilimwambia, mama yako namgongea dirisha tangu nistaafu, hatoki. Nimembembeleza, nimemtisha, hatoki. Kitu pekee kinachomnyanyua dada yangu kwenye kiti ni wivu. Mwambie nachukua nafasi yake, tuone kama hatasimama."

"Na yule binti wa daktari wa meno..."

"Yule alinisimulia ulivyokaa kwenye ngazi siku ya kwanza, nikamwambia akuwekee maji tu. Kutangulia ngazi moja moja ni akili yake mwenyewe."

Nikarudi kwenye uzi. Yeye akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba wa mama.

"Mama alilala hakuamka, dada. Alikuwa kama sisi hivi. Unadhani nagonga dirisha kwa ajili ya matembezi? Nagonga nikusikie. Ukinitukana najua umeamka, ndipo naweza kwenda."

Nilimaliza kufumua. Mpasuo ukafunguka. Niliinuka kutoka sakafuni, na nilipokwisha kusimama wima ndipo tulipogundua sote wawili kwamba sikushika kitu. Alipiga ukelele mlinzi akaja mbio. Tukapanda ngazi pamoja, tumeshikana, watu wakatugeukia wasijue nani ni nani.

Mngedhani wivu uliishia pale. Haukuisha. Usiku nilirudi nyumbani nao, mpya kabisa, mbaya kuliko wa zamani. Kiuno anishinde, magoti anishinde, hayo nilikuwa nimeanza kuyazoea. Kumbe miaka yote hiyo, mimi nimelala nikimchukia, yeye amesimama nje kwenye baridi akiningoja nipumue. Hata katika kupenda alinitangulia, na mimi ndiye niliyezaliwa kwanza.

Nikaamka kukiwa bado giza. Nikavaa raba nilizokuwa nimezificha chini ya kitanda, nikachukua funguo zangu, nikaenda kwake. Dirisha lake ninalijua. Ko-ko-ko.

"Wewe kizee! Umeamka?"

Kimya.

Nikagonga tena, kwa nguvu. Kimya. Nikamwona mama na cherehani yake iliyofunikwa, nikajikuta nimeubandika uso wote kwenye kioo, naita jina lake la utotoni ambalo sijalitamka miaka.

Kitanda kikalia ndani.

"Nenda zako, kiherehere!" akasema kwa sauti ya usingizi. "Waache watu walale!"

Nilishika ukuta. Halafu nikafuta uso na kuanza kutembea kuelekea barabarani peke yangu, upesi upesi, ili akitoka anikimbilie yeye.